Chai ya Kijani na Moyo: Somo kwa Wamama

Somo la leo ni juu ya chai ya kijani na moyo. Wamama wengi wanaokuja kupima mimba, ama kupima uzito wa watoto, wanatuuliza: «Ni kweli chai hii inalinda moyo? Ni kweli inashusha tansio?» Ni ulizo zuri, na linapaswa jibu la kweli.

Kuna wauzaji wanaosema kwamba mutu akikunywa chai hii atapona tansio, atapona moyo, na hatakuwa tena na lazima ya dawa. Mama anasikia, ananunua pakiti, kisha anaacha vidonge alivyopewa ku hospitali. Hapo ndipo hatari inapoanza. Basi tujifunze pamoja mambo mazuri ya chai hii, kisha mambo ambayo haiwezi, kisha namna ya kuikunywa bila kujiumiza. Mama anayejua kusoma amusomee jirani asiyejua.

1. KAZI YA MOYO

Funga mukono wako kama ngumi. Moyo wako una ukubwa karibu na huo. Ni nyama yenye nguvu inayosukuma damu ndani ya mishipa, kutoka kichwani mupaka vidole vya miguu. Kila dakika unapiga karibu mara 70, na kila dakika unasukuma karibu lita 5 za damu. Fikiri bidoni ndogo ya lita 5: moyo unaijaza na kuimwaga kila dakika, muchana na usiku, hata unapolala.

Wakati wa mimba kazi inaongezeka. Damu ya mama inazidi karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo mbele, kwa sababu anapaswa kulisha mutoto tumboni. Kwa hiyo moyo wa mama mwenye mimba unachoka kuliko wa mutu mwingine. Ukiongeza muzigo wa kuni mugongoni, na njia ya matope kutoka shamba, utaelewa sababu gani tunapima tansio kila mara unapokuja.

Tansio ni nguvu ambayo damu inasukumia mishipa. Inaandikwa kwa hesabu mbili, ya juu na ya chini. Ikifika 140 kwa 90, ama 14 kwa 9 kama wengi wanavyosema, na ikabaki hivyo kila tunapopima, hiyo ni tansio ya juu. Mishipa inakuwa kama mupira wa maji unaosukumwa kupita kipimo: siku moja unapasuka. Ukipasuka ndani ya kichwa, mutu anapooza upande mumoja, ama anakufa. Na mara nyingi tansio ya juu haiumi. Mutu anacheka, analima, anaenda soko, kumbe iko ndani yake.

2. CHAI YA KIJANI NI NINI?

Wengi wanafikiri chai ya kijani inatoka ku muti mwingine. Hapana. Muti ni mumoja tu. Ile chai nyeusi tunayoijua na hii ya kijani zote zinatoka ku majani ya muti uleule wa chai. Muti huu unapenda milima yenye baridi na mvua. Unapandwa katika milima ya Masisi upande wa Ngungu, unapandwa Rwanda, na unapandwa sana Kenya, ambako ulifikishwa Limuru mwaka 1903. Huku kwetu Mubi, penye pori na joto, hatuna mashamba yake. Chai inatufikia kwa soko.

Tofauti iko katika kazi ya kiwanda. Kwa kufanya chai nyeusi, majani yanasagwa na kuachwa mupaka yanageuka rangi, kama vile ndizi iliyokatwa inavyogeuka nyeusi ikikaa. Kwa kufanya chai ya kijani, majani yanapashwa moto upesi kiisha kuvunwa, kwa mvuke ama ndani ya sufuria, yasiweze kugeuka. Kwa hiyo yanabaki na vitu vingi vinavyoitwa katekini. Hivyo ndivyo vinavyoleta ladha ya uchungu kidogo, na ndivyo waganga wanavyosema vinasaidia moyo.

Angalia: muchaichai tunaopanda nyuma ya nyumba si chai ya kijani, hata kama majani yake ni ya kijani. Ni kinywaji kizuri chenye harufu nzuri, lakini ni muti mwingine kabisa, na mambo ya somo hili hayauhusu.

3. WAGANGA WALIONA NINI?

Huko Japani watu wanakunywa chai ya kijani kila siku, tangu zamani sana. Katika sehemu ya Ohsaki, waganga waliandika majina ya watu 40,530 wenye miaka 40 mupaka 79, tangu mwaka 1994, na wakawafuata kwa miaka 11. Walitangaza matokeo mwaka 2006. Wanawake waliokunywa vikombe 5 ama zaidi kwa siku walikufa kidogo zaidi kwa magonjwa ya moyo na mishipa kuliko wale waliokunywa chini ya kikombe kimoja. Hatari yao ilikuwa chini kwa 31 juu ya 100. Kwa wanaume ilikuwa chini kwa 22 juu ya 100. Faida ilionekana zaidi juu ya ugonjwa wa kupooza. Juu ya kansa hawakuona tofauti.

Hayo ni mambo mazuri. Lakini mama mwenye akili atauliza: «Je, ni chai peke yake iliyowalinda?» Watu wale wanakula samaki na mboga, na chai yao wanaikunywa bila sukari. Pengine wale wanaopenda chai ni wale wanaojichunga pia katika mambo mengine. Ukiona watu wenye viatu hawaumwi na minyoo ya miguu, huwezi kusema viatu vyao vinaponya malaria.

Kwa hiyo waganga walifanya majaribio ya namna nyingine. Walipatia watu fulani chai, na wengine hawakupewa, kisha wakawapima wote. Mwaka 2013 majaribio 11 ya chai nyeusi na ya kijani, yenye watu 821, yalikusanywa na kuangaliwa pamoja. Ilionekana kwamba chai ya kijani inapunguza kidogo mafuta mabaya ndani ya damu, na inashusha kidogo tansio. Ile hesabu ya juu ya tansio ilishuka karibu 3.

Tuchukue mufano. Mama ana tansio ya 170. Anakunywa chai ya kijani kila siku, bila kukosa. Tansio itashuka mupaka 167. Je, amepona? Hapana. Bado ni mugonjwa, na bado mushipa unaweza kupasuka. Chai ni musaada mudogo, kama mutoto anayekusaidia kubeba kuni: anapunguza kijiti kimoja, lakini muzigo ungali mugongoni mwako.

4. MAMBO AMBAYO CHAI HAIWEZI

Chai haiwezi kuchukua nafasi ya vidonge vya tansio. Ukiwa umepewa vidonge, uvimeze kila siku, hata siku unaposikia vizuri. Unasikia vizuri kwa sababu unavimeza. Kuna hata dawa moja ya tansio, nadololi, ambayo chai ya kijani inazuia isiingie vizuri ndani ya mwili. Wale wanaomeza dawa ya kuzuia damu kuganda nao wanapaswa kuuliza kwanza. Basi, kama unakunywa chai hii, umuambie muganga wazi, usiogope.

Chai haiwezi kuponya moyo ulioharibika kwa sababu ya koo. Wamama wengi hawajui jambo hili. Mutoto wa miaka 5 mupaka 15 anaumwa koo na homa. Koo inapona, lakini kiisha majuma mawili ama matatu viungo vinavimba na kuuma, leo goti, kesho kiwiko. Ugonjwa huu unaweza kuharibu milango ya moyo, na mutoto atakuwa mugonjwa wa moyo maisha yake yote. Dawa yake ni penisilini. Kama moyo umeisha kuguswa, mutoto anapigwa sindano kila majuma 3 ama 4 kwa miaka mingi. Hakuna majani yanayoweza kufanya kazi hiyo.

Chai haiwezi kuponya ugonjwa wa moyo unaokamata mama karibu na kuzaa. Tutausema mbele kidogo.

Tena kuna vidonge vinavyouzwa kama «nguvu ya chai ya kijani», ama vya kupunguza unene. Hivyo si sawa na kikombe cha chai. Ndani yake katekini zimekusanywa nyingi sana. Mwaka 2018 wataalamu wa chakula wa Ulaya walisema kwamba milligramu 800 ama zaidi kwa siku za ile katekini kubwa, ndani ya vidonge kama hivyo, zinaweza kuumiza ini. Mama, acha vidonge hivyo.

5. CHAI NA DAMU YA MAMA

Hapa tusikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo chai inaweza kuleta hasara kwetu kuliko kwa watu wa Japani.

Damu inajengwa na chuma kinachotoka katika chakula. Wamama wengi wa huku wana damu kidogo: kwa sababu ya malaria, ya minyoo, ya mimba zinazofuatana, na ya damu inayopotea wakati wa kuzaa. Sasa, chai, nyeusi ama ya kijani, inakamata chuma kilicho katika sombe, lengalenga na maharagi, na kukizuia kisiingie ndani ya mwili. Ukikunywa chai pamoja na chakula, sehemu kubwa ya chuma hicho inapita bure na kutoka inje. Mama anakula mboga vizuri, lakini damu haipandi. Na damu ikiwa kidogo sana, moyo unalazimishwa kupiga mbio ili kutosha mwili wote. Basi ile chai aliyoikunywa kwa kulinda moyo inauchokesha.

Fanya hivi:

- Usikunywe chai pamoja na chakula. Ngoja saa moja ama zaidi kiisha kula.
- Usimeze vidonge vya kuongeza damu kwa chai. Vimeze kwa maji safi.
- Pamoja na chakula, kula ndimu, pera, nanasi, chungwa ama papai. Matunda haya yanasaidia chuma kuingia. Hapa Mubi tunayo, wala hayatoki mbali.
- Kama umeambiwa una damu kidogo, uache kwanza chai mupaka damu ipande.

Juu ya watoto: mutoto chini ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama tu, bila chai, bila maji. Mutoto mukubwa kidogo asishibishwe na chai ya sukari asubuhi. Chai si chakula. Inajaza tumbo, inakamata chuma, kisha mutoto anakataa uji. Umupe uji wenye karanga ama soya, yai kama liko, samaki kama wako.

Tena chai ina kafeini, kitu kinachoondoa usingizi. Mama mwenye mimba asipite vikombe viwili ama vitatu vidogo kwa siku, na kama anakunywa kahawa pia, apunguze.

6. NAMNA YA KUPIKA NA KUKUNYWA

Chemsha maji vizuri mupaka yatokote, kwa kuua vijidudu. Epua, ngoja dakika chache. Tia kijiko kidogo cha majani kwa kikombe kimoja, funika dakika 2 ama 3, kisha chuja. Ukiacha majani muda murefu, itakuwa chungu sana.

Usitie sukari. Mutu anayekunywa vikombe 5 vyenye vijiko 3 vya sukari anameza vijiko 15 kwa siku. Unene na ugonjwa wa sukari vinakuja kwa njia hiyo, na vyote viwili vinaharibu moyo. Kama ladha ni ngumu, tia ndimu.

Usiikunywe ikiwa ya moto sana. Mwaka 2016 wataalamu wa kansa wa ulimwengu walisema kwamba kukunywa vitu vyenye moto wa kupita digrii 65 kunaonekana kuleta kansa ya njia ya chakula. Ugonjwa huu unaonekana sana katika sehemu nyingi za Afrika ya mashariki. Hospitali ya misheni ya Tenwek, Bomet, katika nchi ya chai ya Kenya, imejulikana kwa kutunza wagonjwa wake wengi. Kama kikombe kinachoma midomo, hakijawa tayari. Ngoja kipoe.

7. VITU VINAVYOLINDA MOYO KULIKO CHAI

Mama mwingine atasema: «Sina pesa ya chai hiyo. Je, moyo wangu utakufa?» Hapana, mama. Chai ya kijani ni kitu cha kuongeza tu. Usipunguze pesa ya maharagi ya watoto kwa kuinunua. Mambo makubwa ya kulinda moyo ni haya:

Chumvi. Mutu mukubwa asipite kijiko kimoja kidogo kwa siku, pamoja na ile iliyo ndani ya chakula. Makayabo ina chumvi nyingi sana. Uiloweshe usiku kucha, mwaga maji mara mbili ama tatu, kisha pika bila kuongeza chumvi ingine. Kipande cha Maggi nacho ni chumvi. Ukikitia, usitie tena chumvi. Kupunguza chumvi kunashusha tansio kuliko chai.

Mafuta. Mawese mekundu yana vitamini A, nayo inalinda macho ya watoto. Usiyachome mupaka yawe meupe, kwa sababu vitamini inakufa. Lakini tia kidogo. Sombe isiogelee ndani ya mafuta.

Pombe na tumbaku. Kasiksi nyingi na lotoko vinapandisha tansio na kuchokesha moyo. Tumbaku inafunga mishipa. Mwenye mimba asivikaribie. Umuambie baba wa nyumba pia, kwa upole, siku ambayo hajalewa.

Mboga na matunda. Lengalenga, sombe, matembele, maboga, ndizi, papai. Kila siku, si siku ya sikukuu tu.

Kupima tansio. Hakuna njia ingine ya kuijua. Uje tukupime hata kama hauumwi, na umulete mama mukwe na baba mukwe.

8. DALILI ZA KUKIMBILIA HOSPITALI

Ukiona moja ya hizi, usipike chai, usingoje kesho:

- Mwenye mimba anaumwa kichwa sana, macho yanaona giza ama nyota, uso na mikono vinavimba, ama anaumwa tumbo upande wa juu. Ni tansio ya mimba. Inaweza kuleta degedege na kuua mama na mutoto.
- Mama katika mwezi wa mwisho wa mimba, ama katika miezi 5 kiisha kuzaa, anachoka sana, miguu inavimba, anakohoa usiku, hawezi kulala bila kuinua kichwa, anakosa pumzi. Ni moyo unaoshindwa kazi. Wengine watasema ni uchovu wa kuzaa ama amelogwa. Umulete upesi, wengi wanaotunzwa mapema wanapata nafuu.
- Uso unapinda, mukono mumoja unakosa nguvu, maneno hayatoki vizuri. Ni kupooza.
- Kifua kinabana kama kimekandamizwa na jiwe, jasho la baridi linatoka.
- Mutoto anayevimba viungo kiisha kuumwa koo.

Kama njia ni ya mbali, anza kutafuta mupiko ama pikipiki sasa hivi. Usiku si sababu ya kungoja.

MASWALI YA KUKUMBUKA

1. Chai ya kijani na chai nyeusi zinatoka ku miti mingapi?
2. Tansio ya 170 itashuka mupaka wapi kwa chai peke yake? Je, mugonjwa amepona?
3. Sababu gani hatukunywi chai pamoja na chakula? Vidonge vya damu tunavimeza kwa nini?
4. Makayabo inaloweshwa namna gani?
5. Taja dalili mbili za hatari kwa mama aliyezaa mwezi uliopita.

Mama, kama unapenda chai ya kijani na una pesa yake, kunywa: bila sukari, isiwe ya moto sana, saa moja kiisha kula. Vidonge vyako umeze vilevile. Na siku ya kupima mimba, uje na karatasi yako, utupatie mukono wako tufunge kitambaa cha tansio.